Umbea wa Kwa Fundi Khetho

Khethokwakhe Mbhele alikuwa fundi cherehani Umlazi, hodari wa kumsengenya mtu mbele ya macho yake. Akitaka kutoa la moyoni kuhusu mteja, alimgeukia rafiki yake Zwelihle, mshona vifungo, wakaongea isiNgqumo, lugha ya siri ya mashoga wa Durban. Ukiisikia utadhani ni Kizulu, lakini huambulii kitu. Zamani iliwaponya mbele ya polisi na walevi. Kwa Khetho ilikuwa ya umbea tu.

Jumamosi moja akaja Bibi MaShezi, mjane wa mchungaji, kupimwa gauni la harusi ya mjukuu wake. Khetho akamzungushia futi, futi ikagoma kufika.

"Umenawiri, Bibi," akamwambia kwa Kizulu cha heshima. Kisha kwa isiNgqumo, "Shoga, kwa kiuno hiki kitambaa hakitoshi, lete turubai. Tukitia na kamba tumepata hema la harusi."

"Na wageni wote wataenea," Zwelihle akajibu, kainamia vifungo vyake.

"Wataenea," akasema Bibi MaShezi, kwa isiNgqumo, "ila wewe, fundi, utakaa nje. Huo mdomo peke yake unataka viti viwili."

Sindano ikamdondoka Zwelihle. Khetho akaganda, kamkumbatia bibi wa watu kiunoni, hajui amwachie au aendelee.

"Bibi! Umejifunzia wapi?"

"Marehemu kaka yangu alikuwa mwenzenu, kule Mkhumbane. Mimi nawaoshea vikombe yeye na mashoga zake, wao wananiteta, eti mtoto haelewi. Halafu wewe hilo neno la kiuno unalitamka vibaya. Kaka angekuzaba kibao."

"Tusamehe, Bibi."

"Niwasamehe nini? Tangu tumzike sijapata wa kuongea naye. Pima! Na yule kijana anayepita pale nje, mwenye mabega, siku hizi mnamwitaje?"

Khetho akamnong'oneza. Bibi akalirudia neno lile mara tatu, taratibu, kama anayeonja mchuzi.

Siku ya harusi aliwaketisha meza ya mbele, mmoja kulia, mmoja kushoto, mashangazi wakanuna. Mchungaji aliposimama kuhubiri, bibi akawainamia, akasema jambo kuhusu wigi la mama yake bwana harusi. Khetho akafunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika, machozi yakamchuruzika.

"Neno limemgusa," akasema shangazi mmoja, kwa huruma.

"Limemgusa sana," akajibu Bibi MaShezi, uso mkavu, akampa leso.