Mawe ya Mtoni

Binti yangu alirudi kutoka milimani akinuka moshi, na harufu ile ilinikera kabla hajafungua mdomo. Alikuwa na miaka kumi. Alikuwa amekwenda kupiga kambi Magaliesberg na familia ya rafiki yake wa darasani, Wakongomani, wageni nchi hii kama sisi, wanaokaa mtaa wa Bellevue. Baba wa yule rafiki ni fundi wa friji. Mimi nafanya kazi benki, Sandton, na kwetu Randburg moto tunauwasha kwa kubonyeza.

Jioni nzima sikusikia jingine. Anko, yaani yule fundi, alipasua kuni, anko alivuka mto na mzigo kichwani, anko amemfundisha kuwasha moto kwa njiti moja tu. Nikacheka kicheko cha uongo, nikamwambia, kwa Kiingereza tulichozoea nyumbani, kwamba mimi nimekulia kwenye moto wa kuni kule Kisii. Akauliza mbona sikumfundisha. Nikabaki kumchukia fundi wa watu ambaye hajanikosea kitu.

Fundi aliponialika safari iliyofuata nilikubali upesi. Nilinunua hema jipya, kubwa kuliko lake, na sababu sitaificha. Tulifika bondeni asubuhi, mto ukiwa chini na msitu umepanda mlima pande zote mbili. Binti yangu alishuka garini akamkimbilia yeye. Nikatangaza kwamba leo moto ni wangu. Nikateremka mtoni, nikachagua mawe matatu laini, mazuri kweli, nikayapanga mafiga kama ya mama.

"Ndugu, ile majiwe ya mto iko na maji ndani," fundi aliniambia kwa sauti ya chini, watoto wasisikie. "Ikipata moto itapasuka."

"Kwetu tumepikia mawe tangu nizaliwe," nilimjibu.

Ukweli ni kwamba kwetu mvulana akishatahiriwa haingii jikoni ovyo, na hata kabla ya hapo mama alikuwa akinitimua na mwiko. Kazi yangu ilikuwa kula. Mafiga niliyaona nikipita mlangoni. Yalitoka wapi, sikuwahi kuuliza.

Moto ulinigomea nusu saa, ukakubali baada ya mimi kuumwagia mafuta ya taa kwa siri. Wali ulikuwa umeanza kuchemka jiwe moja lilipopasuka kwa kishindo. Vipande viliruka, sufuria ikapinduka. Binti yangu, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, alinipita mbio akajificha nyuma ya fundi, aliyekuwa mbali zaidi. Hakuna aliyeumia, lakini niliona alikokimbilia.

Fundi hakunicheka. Afadhali angenicheka, ningepata pa kumshika. Alipanda kilimani kutafuta mawe makavu, akatuacha mimi na mtoto na majivu yaliyolowa.

"Nionyeshe," nilimwambia binti yangu kwa Kiswahili, sijui kwa nini.

Alipiga magoti, akasafisha mahali pengine, akapanga nyasi kavu, kisha vijiti, akaacha nafasi ya hewa katikati. Akawasha njiti moja, akanipisha nipulize. Nikapuliza kwa pupa, majivu ya nyasi yakanijaa usoni.

"Eish, papa, pole pole," akasema. "Pulizaka kidogo kidogo."

Kwa miaka kumi alikuwa hajawahi kuniambia sentensi nzima ya Kiswahili. Ni mimi niliyeamua kwamba Kiingereza kitamfaa zaidi. Sasa Kiswahili amekipata, na kila neno lilikuwa na lafudhi ya yule mwanamume. Hata mimi niliitwa papa, kama rafiki yake anavyomwita baba yake.

Nikapuliza kidogo kidogo, nilivyoambiwa, nikiona wivu. Moto ukashika. Nikainua uso nimwone anavyofurahi, lakini alikuwa ameshasimama, ananipa mgongo, anaangalia kilimani fundi atatokea wapi ili amwonyeshe.