Kitambaa cha Mwezi Mmoja

Wateja walimpa jina la Mama Pindo kwa sababu nguo haitoki dukani kwake pindo likiwa limelegea, na ukimwambia limelegea mtabishana mpaka jua lizame. Alikuwa akishonea cherehani ya miguu, kuukuu, inayokohoa kuliko mwenyewe. Mwaka huu alitaka ya umeme, magoti yamechoka. Akamwambia bintiye aliyeko ughaibuni, anakohudumia wazee. Binti akajibu, "Kwa sasa sina, mama." Mama Pindo akanuna, simu zikawa hazipokelewi.

Jirani yake muuza mkaa akatia chumvi kwenye kidonda. "Analipwa mshahara wa watu kumi wa hapa, anakosaje cherehani? Keshakusahau, shoga."

Hilo lilimkaa rohoni. Simu ya kuonana ilipolia tena, akapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hela zako zinakwenda wapi?"

"Nikutajie?"

"Usinitajie. Hesabu za kutaja zinaingia sikio hili zinatokea hili. Chukua kitambaa, nami nachukua changu, urefu wa mikono miwili. Huo ndio mwezi wetu, pato lote la kila mmoja. Tukate."

Binti alikulia chini ya meza ya kukatia, hakuuliza mara mbili. Akachana shuka kuukuu. Mama Pindo akaiegemeza simu kwenye kasha la nyuzi, akaanza yeye. Chakula: mkasi ukapita nusu ya kitambaa, ukaendelea. Kodi ya chumba, upana wa kola. Nauli na dawa, vipande vya mfuko. Kilichobaki ni utepe wa kufungia nywele.

"Zamu yako."

Binti akaanza na kodi. Mkasi ukaenda, ukaenda.

"Wee, simama. Unakata gauni zima hapo."

"Ndiyo kodi yenyewe. Chumba na jiko."

Chakula kikatoka kama leso.

"Na unashiba?"

"Nashiba, mama. Huku tumbo halinisumbui."

Kisha kikatoka kipande kipana. Mama Pindo akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. "Hicho cha nini?"

"Joto."

"Joto la nani?"

"La nyumba. Kukiwa na baridi nalilipia. Nisipolipa, naamka vidole havifungi hata kifungo."

Mama Pindo akageuka akatazama mlangoni. Jua lilikuwa limejaa duka zima, juu ya meza, juu ya vitambaa, mpaka mgongoni mwa paka, na hakuna aliyedaiwa chochote. Maisha yake yote alichojua ni kulikimbia. Hakuwahi kuwaza kwamba kuna mahali mtu anafanya kazi siku kadhaa za mwezi ili apate hilo tu.

Binti akainua kilichobaki. Utepe. Ule ule.

"Watu kumi," alinong'ona Mama Pindo, "na mwisho wao utepe."

"Basi mie nahamia huko na mkaa wangu," akasema jirani, aliyekuja kuchungulia mlangoni.

"Kaa kimya. Unauza moto na hujui thamani yake."

Akainama, akavuta gunia la mabaki ya makoti, yale mazito, akayamwaga mezani.

"Kitanda chako kina upana gani?"

"Kwa nini, mama?"

"Nimeuliza upana."

Binti akachukua kile kipande cha kodi, akakitandaza kitandani kupimia. "Na cherehani ya umeme?"

"Nani kakwambia miguu yangu ina shida?" akasema Mama Pindo, na cherehani ikaanza kukohoa.