Mshale Ulioshuka Mlimani

Ninaikumbuka vizuri, mwanangu, Jumamosi ile niliyokwenda Milepa kumchukua dada yangu Restituta, nimlete kanisani Sumbawanga kufunga ndoa. Nilikuwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na maneno mengi, na gari nililoendesha lilikuwa la turbo, lenye nguvu na kasi, mali ya Mzee Hamdani, mfanyabiashara wa mjini. Mzee hakuwa mtu wa kuazimisha gari hovyo. Alinipa kwa sababu Fundi Kasiani wa Milanzi, aliyetengeneza magari yake yote, alimwambia, "Mpe kijana. Nimemfundisha mwenyewe, namdhamini."

Na kweli alinifundisha. Gari lile alilifungia vipimo viwili vya joto, cha maji na cha oili. Aliniambia kwamba kwa baridi yetu ya asubuhi maji hupata moto upesi huku oili ikiwa bado nzito, kwa hiyo nisikanyage mafuta mpaka mishale yote miwili ipande. Kisha akanishika bega.

"Na mlimani, mshale wa maji ukishuka ghafla, usifurahi. Simama. Maji yakishamwagika, kipimo kinabaki kupima hewa."

Niliitikia. Kuitikia ni rahisi, nawe unajua.

Basi nikamchukua Restituta, tukatoka Milepa kule bondeni na joto lake, tukaanza kupanda kona za mlima kuelekea nyanda za juu za Ufipa, nyuma ya lori la mahindi.

"Turbo gani hii, kaka, inakula vumbi la lori?" Restituta akanichokoza. "Shela langu litafika kanisani la kahawia!"

Nikakanyaga. Tukalipita, akapiga vigelegele. Kona chache mbele mshale wa maji ukapanda kupita kawaida, na kabla sijaamua la kufanya, ukaanza kushuka.

"Kaka, nasikia harufu tamu, kama peremende."

"Manukato yako hayo. Tazama, injini imepoa."

Mshale wa oili ulikuwa umefika mwisho wa juu. Sikufichi, niliuona. Nilichagua kutazama ule ulionipendeza.

Injini ikanoki, ikaungua na kuzima kabisa kabla hatujafika juu. Mpira wa rejeta, unaopitisha maji ya kupoza injini, ulikuwa umepasuka na maji yote yamekwisha; harufu ile tamu ilikuwa ya dawa iliyochanganywa nayo. Lori lile lile likatukuta, likampakia bibi harusi mbele kwa dereva. Aliolewa shela likiwa na vumbi, na mpaka leo hunicheka.

Hilo haliniumi. Linaloniuma ni la Jumatatu, Mzee Hamdani alipokuja gereji kwa Kasiani.

"Kijana, joto lilipanda usilione?"

"Mzee, mshale wa maji ulikuwa chini mpaka injini inazima."

Mzee akamgeukia fundi. "Basi umenifungia kipimo kibovu."

Kasiani alinitazama. Alijua maana ya mshale ule kuliko sote. Akasubiri niseme lililobaki, nami nikatazama viatu vyangu.

"Samahani, Mzee," akasema. "Kijana nilimdhamini mimi."

Wiki ile Mzee alihamisha magari yake yote, na wateja wengine wakafuata. Nilipopata ujasiri wa kwenda kumweleza Mzee ukweli, masika mawili yalikuwa yamepita, na Kasiani amefunga gereji na kurudi Namanyere kulima ulezi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Ungesema siku ile," akaniambia, "ningelisikitikia gari tu."

Nikamfuata Kasiani Namanyere, nikamwomba radhi. Akaniuliza, "Siku hizi mshale ukishuka?"

"Nasimama, Baba."

"Haya. Nawa mikono, tule."

Mwanangu, umenunua gari lako la kasi na sikukatazi kulikimbiza. Lipashe moto taratibu. Soma maji, soma oili, na kipimo kimoja kikikufurahisha huku kingine kinakutisha, kiamini kinachokutisha, uzime injini hata kama unachelewa harusi. Na ukiiunguza, sema umeiunguza wewe, siku hiyo hiyo, mbele ya mtu anayelaumiwa kwa ajili yako. Gari la Mzee Hamdani lilipata injini nyingine. Gereji ya Kasiani haikufunguliwa tena.

Mungu akusindikize katika kila mlima utakaoupanda, akupe macho ya kuona mapema na ulimi usiochelewa kama wangu. Nenda salama.