Jiko la Jua la Kulow Muuza Chai

Ilikuwa mwaka wa sitini na tano. La, nimekosea. Sitini na tano watu wa Garissa walikuwa bado wanatoka na kuingia, ijapokuwa kwa hofu. Ua wa seng'enge na miiba ulikuja baadaye. Basi ni sitini na sita, mwishoni, maana Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Desemba, na mambo ya Kulow na jiko lake yalitokea ndani ya Ramadhani. Hilo halina ubishi.

Kulow alikuwa muuza chai. Kwao hasa ni upande wa Tarbaj, kule Wajir. Aliteremka Garissa ujanani akiswaga mifugo ya matajiri, akauona mto Tana una maji kila siku ya Mungu, akasema mtu aliyeyaona haya akirudi kwenye kiu basi ana wazimu. Akakaa. Akamwoa Rukiyo, wakajaliwa binti mmoja, Saynab, na kibanda cha mabati ambacho upepo ulikuwa ukikipiga ngoma usiku na mchana. Vita vya serikali na shifta, wapiganaji wa msituni, vilipopamba moto na serikali ikawakusanya watu ndani ya kijiji kimoja chenye ua na askari mlangoni, Kulow aling'oa mabati yake, akayabeba kichwani, akayasimamisha tena ndani ya ua. Watu walifika kunywa chai hata kabla hajapigilia misumari.

Chai yake ilikuwa na sifa, lakini sifa hiyo haikuwa ya mkono wake. Ilikuwa ya Rukiyo. Ngamia wao mmoja aliyesalia alikamwa alfajiri, na maziwa yakatiwa ndani ya dhiil, chombo kilichosukwa kwa mizizi hadi hakivuji hata tone. Kabla ya kutia maziwa, Rukiyo alitumbukiza humo makaa ya moto ya mti alioujua yeye, akakifunika, akakitikisa, akayamwaga makaa. Moshi ule ndio uliofanya maziwa yasiharibike kutwa nzima, na ndio ulioipa chai harufu ambayo mtu akiisikia anakumbuka nyumbani kwa mama yake. Maziwa yasiyofukizwa, watu wa kule huyaita maziwa yatima.

Kuni zilikuwa nje ya ua. Wanawake walitoka kwa zamu wakisindikizwa na askari, na kila jiko lilikuwa na kibati chake cha kuonyesha mlangoni. Usipokuwa na kibati, hutoki. Ukitoka kwa njia nyingine, risasi haiulizi unatafuta nini.

Basi siku moja akaja Afisa wa Maendeleo, kijana wa bara mwenye miwani na soksi ndefu, mtu wa heshima kabisa, hakuwahi kumpigia mzee kelele. Alikuja na gari, na nyuma ya gari kitu kimefunikwa turubai. Akakishusha mbele ya kibanda cha Kulow, akakifunua, na watu wote wakaweka mikono machoni.

Lilikuwa sinia. Sinia kubwa kuliko la pilau ya harusi, limesuguliwa likawa kama kioo, limesimama juu ya miguu mitatu ya chuma, na katikati kuna mkono wa kuwekea birika.

"Hili ni jiko la jua," akasema Afisa. "Halili kuni. Halitoi moshi. Kulow, hebu tazama huko nje, miti iko wapi?"

Kulow akatazama. Kuzunguka ua ardhi ilikuwa tupu kama kiganja.

"Imekwisha, bwana."

"Imekwisha kwa sababu ya moto wenu. Tukiendelea hivi hapa patakuwa jangwa."

Kulow alitaka kusema kwamba zamani watu walipika, wakahama, mti nao ukapumzika; ni sasa tu, walipofungiwa pamoja, ndipo miti ilipokwisha. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kilijua bei na salamu, hakikujua kueleza mambo marefu. Akasema, "Ndiyo, bwana."

"Nimekuchagua wewe kwa sababu unachemsha siku nzima. Lijaribu. Likifaulu kwako, kila nyumba italipata." Afisa akaligeuza sinia kulifuata jua, akaweka birika la maji. Watu wakasubiri, wengine wakicheka. Kumbe kweli! Maji yakaanza kuimba, yakatokota, kifuniko kikacheza.

"Subhanallah," akasema mzee Nunow, mteja wa siku nyingi asiyekuwa na meno ila mwenye maneno. "Sasa hata jua limeandikwa kazi na serikali."

Watu wakacheka, Afisa naye akacheka. Kisha akanyoosha mkono taratibu. "Sasa nipe kibati chako cha kuni. Mwenye jiko la jua hahitaji kuni."

Kulow akampa. Hata hakufikiri. Mgeni amekuletea zawadi, anakuomba kipande cha bati, utamnyima vipi?

Rukiyo aliporudi kutoka kwa ngamia, akamkuta mumewe amesimama mbele ya sinia akijitazama ndevu.

"Kibati kiko wapi, Baba Saynab?"

"Nimempa."

"Umempa nani?"

"Maendeleo."

Rukiyo akalitazama sinia, akamtazama mume. "Na makaa ya dhiil? Nayo yatatoka juani?"

Kulow akaacha kujitazama ndevu. Jambo hilo halikuwa limepita kichwani mwake. Kwake moto ulikuwa kitu cha kuchemsha chai. Makaa ya dhiil yalikuwa mambo ya wanawake, yanatendeka tu, kama kukua kwa nywele.

Kuni zilizobaki ziliwafikisha hadi mwezi ulipoandama, na mwezi ulipoandama ndipo mambo yalipogeuka kichwa chini. Mchana, jua likiwaka hata mbuzi wanatafuta kivuli cha wenzao, jiko lilikuwa tayari kuchemsha chai ya dunia nzima, na hakuna wa kunywa: watu wamefunga. Jua likizama, adhana ikasikika, watu wamekaa mkekani na vikombe mkononi, na jiko ni baridi kama jiwe la mtoni. Kulow akajaribu kuchemsha alasiri, akalifunga birika kwa blanketi na kulifukia ndani ya mchanga wa moto. Magharibi akamimina.

Nunow akaonja, akakiweka kikombe chini polepole. "Kulow."

"Naam, adeer," akaitika Kulow, kwa heshima ya mtu anayemwita ami yake.

"Chai hii nayo ilikuwa imefunga pamoja nasi? Maana haina nguvu hata kidogo."

"Jua limezama mapema, adeer."

"Jua huzama saa yake tangu enzi za Nabii Adam. Na maziwa haya ni ya nani? Yana harufu ya hospitali."

Kulow akakiinua kikombe, akanusa. Maziwa ya alfajiri, bila moshi, yalikuwa yakigeuka kabla ya adhuhuri. Rukiyo alijaribu kuyachemsha juani ili yafike jioni. Yalifika, lakini yalifika yatima. Watu wakaanza kupita mbele ya kibanda wakitazama upande mwingine. Usiku Kulow alilala akihesabu mabati ya paa, akijiuliza: kibanda kikifa, atawalisha nini Rukiyo na Saynab humu ndani, mahali ambapo huwezi kuchunga wala kuwinda wala kuhama? Chai ndiyo ilikuwa ng'ombe wao na shamba lao.

Ni Rukiyo aliyepata wazo. Alikuwa ameona kijiti kilichoangukia pale birika linapokaa kikigeuka cheusi ncha.

"Baba Saynab, njoo. Lishike hapa. Usilitikise."

Akatia kwenye kopo vipande vikavu vya ule mti wake, alivyokuwa amevificha chini ya kitanda, akaliweka kopo mahali pa birika. Kulow akaligeuza sinia polepole kufuata jua, jasho likimtoka, ulimi nje. Kwanza si kitu. Kisha harufu. Kisha uzi mwembamba wa moshi, kisha moshi wenyewe, mzito, mweupe, ukapanda moja kwa moja mbinguni kwa maana siku ile hapakuwa na upepo.

"Umewaka! Wallahi umewaka!" Rukiyo akapiga makofi kama msichana. "Nipe dhiil! Haraka!"

Makaa yakaingia, kifuniko juu, akatikisa, na ile harufu ya nyumbani kwa mama ikatoka ikatembea kijijini. Kulow akasema kimoyomoyo, alhamdulillahi, tumepona. Akaligeuza sinia tena ili wawashe kopo la pili, nalo likang'aa huku na huku, likaupiga ua, likaupiga mnara wa mlinzi, likaupiga msitu ng'ambo ya mto.

Filimbi ikalia mlangoni. Askari wakaja mbio, bunduki mbele, na sajini wao, mtu mnene, akihema.

"Wewe waria!" akafoka, maana ndivyo askari walivyomwita kila Msomali. "Unamwita nani?"

"Nani? Mimi?"

"Moshi mweupe juu! Kioo kinamulika ng'ambo! Unawapa shifta ishara. Sema, unamwita nani?"

"Naita wateja tu, afande."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamaza upesi.

"Hii si silaha, afande," akasema Kulow, mikono juu. "Hii ni jiko ya jua. Maendeleo iko leta. Muulize."

"Nalijua hilo jiko. Niliambiwa ni jiko lisilo na moshi." Sajini akaonyesha juu, ambako moshi ulikuwa bado haujatawanyika. "Na ule ni nini?"

Kulow akatazama juu. Akamtazama Rukiyo aliyekuwa ameikumbatia dhiil kifuani kama mtoto. Angeanzia wapi? Amweleze mtu mwenye bunduki kwamba wamehangaika siku nzima kulifanya jiko lisilo na moshi litoe moshi, na kwamba bila moshi huo maziwa ni yatima? Kwa Kiswahili gani?

"Ule ni wa maziwa," akasema.

Ilikuwa kweli tupu, na haikumsaidia. Walilala yeye na sinia katika kambi ya askari, kila mmoja pembe yake. Asubuhi alifunguliwa, kwa sababu Nunow na wazee wengine walikwenda kumsemea. Sinia halikufunguliwa.

Kulow hakukasirika. Alifurahi, hata. Alijiambia: sasa sina jiko la jua, basi nitarudishiwa kibati changu. Akavaa kanzu yake safi, akaenda kwenye ofisi ya maendeleo, akamkuta yule yule kijana wa soksi ndefu.

"Bwana, nimekuja kuchukua kibati."

"Lakini wewe una jiko la jua."

"Sina. Iko kwa askari."

"Wamelichukua?" Afisa akavua miwani, akaifuta. Alionekana amehuzunika kweli. "Sikuambiwa. Kwetu wewe bado una jiko. Walirudishe kwanza, kisha mimi nilichukue, ndipo nikupe kibati."

Kulow akaenda kambini. Sajini akamwambia, "Jiko gani? Hapa hakuna jiko. Hapa kuna kioo cha ishara, na vyombo vya adui havirudishwi."

Akarudi ofisini. Akarudi kambini. Kati ya hapa na pale palikuwa na njia moja ya vumbi, na kwa siku kadhaa watu walimwona akiipita kwa kanzu safi, kisha kwa kanzu isiyokuwa safi tena. Kila alipofika walimsikiliza. Hakuna aliyemtukana. Ndilo lililomchanganya zaidi: wote wawili walikuwa na haki, na yeye peke yake alikosa kuni.

Mwishowe akakaa kibandani, akashika tama. Kibanda hakikuwa na moto wala jua. Magharibi hiyo Nunow akaja, akakaa mkekani kama kawaida, akatoa kutoka kwenye kikunjo cha shuka yake kijiti kimoja, si kirefu kuliko mkono wa kijiko.

"Binti yangu amerudi na kuni leo. Hiki ni changu. Nichemshie kikombe kimoja."

"Adeer, kijiti kimoja hakichemshi kikombe."

"Basi ngoja jirani."

Jirani akaja na chake. Na mwingine. Yalikuwa mazoea ya porini hayo: mwenye moto hanyimi kaa, na mwenye kupewa kaa huacha kijiti. Hadi Idi, kila aliyetaka chai alikuja na kijiti chini ya shuka, na Rukiyo akachagua vile vya mti wake akaviweka kando kwa dhiil. Chai ilichelewa, lakini ilinuka nyumbani. Kibanda kikapona.

Vita vikaisha mwaka uliofuata, ua ukalegea, ukaangushwa. Afisa alihamishwa, sajini naye alihamishwa, kila mmoja kwa upande wake, na sinia halikuonekana tena. Kulow aliendelea kuuza chai karibu na soko la mifugo mpaka ndevu zikawa nyeupe, akaanza kuzipaka hina. Na kila mtu wa ofisi aliyesimama kwake, awe mwalimu, karani au mkuu wa tarafa, alimtilia sukari ya kutosha, akasubiri anywe nusu, kisha akamuuliza, kwa upole, bila lawama, kama mtu anayeuliza njia. Wengine walicheka. Wengine walikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Mmoja alisema, "Mzee, chai yako tamu sana," akaondoka.

"Ile kitu," alikuwa akiuliza, "kama ilikuwa silaha, mbona serikali ndiyo ilinipa? Na kama ilikuwa jiko, mbona hawajanirudishia mpaka leo?"