Nilimwambia Mjomba "Ukifa"

Mhariri, nisitirie jina langu, maana huku Msambweni twajuana sote. Nina miaka ishirini na miwili. Chuo cha Kurani nilihitimu, skuli niliachia darasa la tatu, na mbele za watu ulimi wangu mzito. Mimi ni wakala wa bima ya maisha, nawaandikisha wafanyakazi wa kiwanda cha sukari Ramisi. Binti wa mjomba wangu nimeshamposa.

Nilikuwa nauza kwa adabu zetu. Nasema, "Likitokea la kutokea, watoto wasitaabike," na mtu anaelewa. Mwaka huu kampuni ikatoa amri: kila wakala akasome Mombasa apate cheti, na kila mwaka arudi kuongeza masomo. Asiye na cheti hana kazi. Mwalimu wetu, mtu wa bara, akanikemea mbele ya wenzangu, "Wewe wazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mwambie mteja: ukifa."

Mtihani wa mwisho ni kuuza mbele ya mwalimu. Mtu wa kumuuzia kwa neno hilo nikamkosa. Mjomba akanihurumia. "Mlete kwangu huyo mwalimu wako, mwanangu. Maneno tu, yatanifanya nini?"

Tukakaa barazani kwake, mkewe, mkaza mjomba wangu, akaleta kahawa. Mwalimu ananitazama, kalamu mkononi. Nikasema, "Mjomba, ukifa kesho, mkeo na wanao watakula nini?"

Mkaza mjomba akasimama palepale na buli lake. Mjomba akacheka kidogo, akainamia kikombe. Mwalimu akasema nimefaulu.

Haikutimia wiki, mjomba akaanguka shambani. Sasa hata kukaa hawezi, pumzi zamkata. Nilipokwenda kumjulia hali, mkaza mjomba alinizuia mlangoni. "Mauti umeyaita kwangu, ukayapa na kiti. Nenda na cheti chako, kikakuoze mke." Mchumba wangu alikuwa nyuma yake. Hakuniinulia uso.

Juzi mkaza mjomba alipokwenda kisimani, mjomba akatuma niitwe. Akanishika mkono, na mkono wake mwepesi kama kuti kavu.

"Mwanangu, lile swali lako silali kwa ajili yake. Niandike."

"Mjomba, mgonjwa haandikwi. Ndivyo tulivyofunzwa."

"Basi andika mimi mzima. Nani atajua?"

Nikainuka nitoke. Akasema, "Uliniuliza watakula nini. Leo nakujibu, wanikimbia?"

Nikiandika uwongo, kampuni itauliza kwa daktari, haitatoa kitu, na mimi cheti nitanyang'anywa nirudi kukata miwa. Nisipoandika, mzee huyu aliyenilea ataondoka akijua nilimtajia mauti kwa ajili ya cheti changu tu, na binti yake sitamwoa kamwe. Kuwaeleza wale wanawake siwezi, nikifika mlangoni maneno yanaisha.

Naye anangoja. Wamenambia kila akisikia viatu uani hugeuza kichwa, adhani ni mimi.

Enyi ndugu zangu mliosoma kunishinda, niambieni: kesho nikiingia kwa mjomba, nimjibu nini?