Viatu Vilivyobaki Penye Pampu

Juzi, kwenye kituo cha mafuta Ipagala, mzee mmoja alijaza mafuta, akavua viatu mlangoni mwa gari lake la kifahari, akaingia, akaondoka. Viatu vikabaki chini.

"Atarudi," alisema dada wa pampu bila kushtuka. "Wiki iliyopita aliacha vya mkewe."

Kweli akarudi, akashuka na soksi nyeupe kwenye vumbi letu. Akaokota viatu, akazitazama soksi, akalitazama zulia la gari. Akavua na soksi.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Sasa starehe ya gari hili iko wapi?"

"Marahaba. Starehe ni ya gari lenyewe, mwanangu," akajibu, akijifuta nyayo kwa leso. "Mimi dereva wake tu."

Lilipoondoka ndipo nikagundua na mimi nilikuwa nimerudi nyuma hatua mbili, nisije nikalitia vumbi.