Vidonge Katika Uji wa Wakhungu

Nasimiyu alizaliwa Kamukuywa, akaolewa Kitale na Wakhungu, mtu wa ghala la mahindi karibu na stesheni, wakamzaa mtoto wao Bramwel. Alikuwa mwanamke wa kufunga vitu: debe la unga, mlango wa kuku, na mdomo wake mwenyewe. Jambo likimuudhi, hakugombana. Alilitengeneza kimyakimya kwa njia yake, na majirani walimsifu kwa hilo.

Mwaka wa 1957 mguu wa kushoto wa Wakhungu ulivimba ghafla ukawa kama gogo. Hospitalini waliambiwa damu imeganda ndani ya mshipa, na donge likipanda hadi kifuani linaweza kumuua. Akapewa vidonge vya kuzuia damu kuganda, avimeze kila siku.

Alivimeza vizuri mpaka siku ambayo dresa Kiplangat, mfunga vidonda wa hospitali, akidhani anamchekesha, alimwambia kwamba dawa ile na ile ya kuulia panya ghalani ni kitu kimoja, tofauti ni kipimo tu. Wakhungu alifika nyumbani midomo imemkauka. Yeye ndiye aliyekuwa akichanganya sumu hiyo na unga wa mahindi, na yeye ndiye aliyewaokota panya asubuhi, damu imewatoka puani.

“Mama Bramwel, hawa watu wananiua kama panya!”

“Watu gani?”

“Hospitali! Ati nikimeza kidogo ni dawa, nikimeza nyingi ni sumu. Umewahi kusikia kitu kama hicho?”

“Hata ugali ukila mwingi unaumwa tumbo. Meza.”

Baada ya siku chache alimwambia mkewe kwamba daktari amesema aache. Ulikuwa uongo, vidonge alikuwa amevitupa chooni. Mguu ukavimba upya, pumzi ikamkatika, na wenzake wa ghala wakamkimbiza hospitali juu ya mkokoteni wa magunia. Alipona kwa shida. Nasimiyu hakumlaumu, lakini tangu hapo alisimama mbele yake kila asubuhi mpaka kidonge kipite kooni.

Baadaye hospitalini walipompiga picha ya kifua waliona kivuli kwenye pafu la kulia. Makohozi yakapimwa, hayakuonyesha kifua kikuu. Daktari akaogopa saratani. Akaamua kupitisha sindano ndefu katikati ya mbavu, atoe kipande kidogo cha pafu kikachunguzwe. Lakini kwanza Wakhungu aache vidonge siku tano. Maagizo hayo aliyapokea peke yake, kwa kuwa Nasimiyu alikuwa Kamukuywa kwenye mazishi ya shangazi yake.

Aliporudi alimkuta mumewe anakunywa chai.

“Kidonge umemeza?”

“Daktari amesema niache.”

Maneno yaleyale. Nasimiyu akaweka chini kikapu chake.

“Ati daktari amesema.”

“Haki ya Mungu, safari hii ni kweli. Wanataka kunitoboa kifua.”

“Na mimi wanataka kunifanya chifu.”

Wakhungu alicheka mpaka akakohoa. Nasimiyu hakucheka. Kesho yake alfajiri alisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakitia katika uji wa wimbi na kuongeza sukari. Akafanya hivyo kila siku.

“Uji umekuwa mtamu bana,” Wakhungu alisema. “Kwani kule matanga walikufundisha kupika?”

Siku ya sindano ilipofika, walikwenda hospitali pamoja. Nasimiyu alidhani mumewe ataaibika mbele ya daktari kwa uongo wake. Badala yake Wakhungu aliitwa kwa jina na kuulizwa kama ameacha dawa. Akajibu ameacha, akaingizwa ndani. Nasimiyu akabaki mlangoni. Kiplangat alipopita na beseni, akamshika mkono.

“Kwani ni kweli wanamtoboa?”

“Ni kweli, mama. Usiogope. Dawa ameacha.”

“Na kama hangeacha?”

“Basi tungemrudisha nyumbani. Ukitoboa pafu na ile dawa iko kwa damu, damu haisimami. Inajaa kifuani, mtu anazama akiwa kitandani.”

Nasimiyu hakupiga hodi, alisukuma mlango akaingia. Wakhungu alikuwa ameketi ameegemea mto, mgongo umepakwa dawa ya kahawia. Daktari alikuwa nyuma yake, sindano mkononi.

“Bwana daktari, ngoja! Amemeza!”

“Mama Bramwel!” Wakhungu aligeuka. “Sijameza! Hata kimoja!”

“Umemeza. Leo asubuhi. Jana. Kila siku. Nimekutilia kwa uji.”

Kiplangat, aliyeingia nyuma yake, alibaki ameshika beseni hewani.

“Nani alikwambia umpe?” daktari aliuliza.

“Hakuna, bwana. Mimi mwenyewe. Nilijua anadanganya.”

Daktari alivuta damu kidogo mkononi mwa Wakhungu, akaitia katika kichupa chembamba. Kiplangat akakifumbata kiganjani kukipa joto, akawa anakiinamisha mara kwa mara. Damu ya mtu mwenye afya hushikana kama maziwa yaliyoganda. Hii waliitazama kwa muda mrefu, na kila kichupa kilipoinama ilitiririka kama maji. Pamba iliyowekwa pale alipochomwa ililowa, ikabadilishwa, ikalowa tena.

Daktari alirudisha ile sindano ndefu kwenye sahani.

“Ningemuua,” alisema polepole. “Hapa hapa.”

Nasimiyu alikaa sakafuni.

Wakhungu alilazwa, akadungwa vitamini ya kurudisha damu katika hali yake. Nasimiyu akakatazwa kuleta chakula. Alikuja hivyo hivyo, mikono mitupu, akaketi kwenye ncha ya kitanda. Siku ya kwanza Wakhungu alimpa mgongo. Siku ya pili akasema, akiuangalia ukuta:

“Uji wa hapa ni maji matupu.”

“Kunywa.”

“Ungesema tu huniamini.”

“Nilisema. Ukacheka.”

Baadaye Wakhungu akavuta miguu yake ili mkewe apate nafasi ya kukaa vizuri.

Damu ilipoanza kuganda inavyopaswa, sindano ikapita. Wakhungu alikohoa damu kidogo, ikakoma. Majibu yalipotoka hayakuwa saratani. Kilikuwa kifua kikuu, kimejificha ndani sana ya pafu, na dawa yake ilikuwepo. Daktari akaagiza vidonge vya damu navyo virudishwe.

Kiplangat alileta kikopo, akamnyooshea Nasimiyu kwa mazoea. Nasimiyu akaficha mikono chini ya leso aliyojifunga.

“Mpe mwenyewe.”

Wakhungu alitoa kidonge kimoja, akakiweka juu ya ulimi, akanywa maji. Kisha akamgeukia mkewe, akapanua mdomo wazi mbele ya wodi nzima.

Nasimiyu aliinama, akachungulia. “Inua ulimi,” alisema.

Akauinua.